Harufu ya Pipa Kwenye Kipande cha Sabuni

Mpwa wangu anayeishi Marekani alikuja likizo mwishoni mwa mwaka akaniletea kiboksi cha bati. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya sabuni ya kahawia, kichupa cha mafuta ya ndevu na kopo dogo la krimu ya kupaka baada ya kunyoa. Vyote viliandikwa kwamba vimetengenezwa kwa wiski. "Mama mdogo," akaniambia, "wewe ndiye fundi. Niambie kama kweli humu mna wiski au nimeliwa hela yangu."

Nilifundisha kemia sekondari miaka mingi kabla sijaingia kwenye sabuni, na swali la namna hiyo huwa haliniachi nilale. Nilivijaribu vitu vile kwa miezi mitatu: Musoma ninakoishi, Bunda kwa dada yangu, mama wa kijana huyo, na Butiama kwa baba mkwe. Kisha nikatengeneza sabuni yangu mwenyewe kwa Konyagi, nijionee kwa macho kinachotokea sufuriani. Kwa kifupi, wiski inaweza kweli kuwa ilitiwa kwenye sufuria, lakini iliyofika kwenye ngozi yangu ni harufu tu. Maelezo marefu yana faida zaidi, kwa sababu yanaigusa sabuni tunayoinunua kila wiki na spiriti wanayopakwa waume zetu na wana wetu wanapotoka kwa kinyozi.

Nianze na hiyo harufu. Wiski ni nafaka iliyochachushwa, ikapikwa kwa mvuke kama inavyopikwa gongo, kisha ikalazwa kwenye pipa la mti. Inapotoka kwenye mtambo haina rangi, ni nyeupe kama maji. Sheria ya Scotland inataka ilale kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na iwekwe kwenye chupa ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Wamarekani, kwa ile yao inayoitwa bourbon, hutumia nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, na pipa jipya ambalo ndani limeunguzwa kwa moto. Msomaji wa Musoma asichanganyikiwe: mwaloni huu ni mti wa nchi za baridi, hauhusiani na mwaloni wetu wa Mwigobero ambako mitumbwi hushusha samaki.

Pipa ndilo linalofanya kazi kubwa. Mti ukiunguzwa, sehemu yake ngumu huvunjika na kutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni una pia aina ya laktoni yenye harufu inayokaribia nazi. Na kwa baadhi ya wiski za Scotland, kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi unaoungua polepole, na moshi huo huacha guaiakoli. Ukitaka kuijua guaiakoli huhitaji kwenda Scotland. Mnuse sangara aliyebanikwa. Harufu ile ya moshi inayong'ang'ania vidoleni hata ukishanawa, kwa sehemu kubwa ni yenyewe.

Kwa hiyo mtu anaposema sabuni inanukia wiski, anachonusa ni mti, moshi na sukari iliyoungua. Kileo chenyewe hakina mengi ya kusema puani, na kwenye sabuni hakikai.

Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki. Vikichanganywa kwa kipimo, kostiki huyavunja mafuta, na vinavyozaliwa ni viwili: sabuni na gliserini. Kipimo changu kwa kilo moja ya mafuta ni hiki. Mafuta ya ng'ombe gramu 500, ambayo mkoa wa Mara hauna sababu ya kuyakosa. Mafuta ya nazi gramu 250 kwa ajili ya povu. Mafuta ya mbegu za pamba gramu 250, maana Bunda ni nchi ya pamba. Kostiki gramu 143, maji gramu 330. Kipimo hiki huacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kuguswa na kostiki, ili ngozi isibaki imekakamaa. Mwenye kubadilisha aina ya mafuta lazima abadilishe na kostiki, kwa sababu kila mafuta yana njaa yake: nazi hula kostiki nyingi kuliko pamba. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe.

Mara ya kwanza nilifanya kosa ninalowakataza wanafunzi wangu. Nilikuwa na haraka, nikamimina kostiki moja kwa moja kwenye Konyagi iliyotoka kwenye chupa. Konyagi ina kileo asilimia 35, na kileo huchemka kwenye nyuzi 78. Kostiki inapoyeyuka hutoa joto kali, linaloweza kupita nyuzi hizo kwa urahisi. Mchanganyiko ulinyamaza kama kwa pumzi moja, halafu ukapanda kama maziwa yanayofurika, ukavuka ukingo wa ndoo na kutiririka mezani. Rangi ya meza ilibabuka pale pale nikiangalia. Nilikuwa na glavu, miwani na mikono mirefu, na hiyo ndiyo sababu ninaandika makala hii kwa macho yangu yote mawili. Nawaomba sana akina mama na vijana wanaojifunza sabuni kwenye simu: video hufupisha, na sehemu inayofupishwa mara nyingi ndiyo hii.

Mara ya pili nilifanya kwa utaratibu. Nilichemsha nusu lita ya Konyagi mpaka ikabaki nusu yake. Nilichemshia nje, kwenye jiko la umeme, kwa sababu mvuke wa kileo hudaka moto. Usithubutu kufanya hivyo juu ya mkaa au gesi, wala ndani ya jiko lililofungwa. Ikapoa. Nikayeyusha kostiki kwenye gramu 165 za maji safi, kisha zile gramu 165 nyingine nikazitoa kwenye Konyagi iliyochemshwa, nikazitia kwenye mafuta. Uji wa sabuni ulishikana vizuri. Kesho yake nikaukata vipande, nikaviacha kwenye kichanja wiki 6 vikauke.

Vilipokauka havikunukia Konyagi hata chembe. Niliwapa wenzangu wanne wa kikundi chetu cha sabuni vipande viwili, kimoja cha Konyagi na kingine cha maji matupu, bila kuwaambia kipi ni kipi. Walinusa, wakanawa, wakasugua, wakanusa tena. Hakuna aliyeweza kuvitofautisha, nami niliyevitengeneza nisingeweza kama nisingevitia alama.

Wapo watakaosema kwamba Konyagi haijalala kwenye pipa, ndiyo maana. Ni kweli, lakini hata wiski yenyewe haibebi mengi. Ukiichemsha lita nzima ikaukie, chini ya sufuria utakuta gramu chache tu za vitu vya pipa. Ukizigawa gramu hizo kwenye vipande vya sabuni kwa kipimo changu, kila kipande hupata uzito wa punje mbili tatu za mchele. Harufu nzito ya kiboksi cha mpwa wangu haikutoka hapo. Nilichukua miwani nikasoma viungo nyuma ya karatasi. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza: mafuta ya mawese yaliyogeuzwa sabuni, ya nazi yaliyogeuzwa sabuni, maji, gliserini, manukato, na baada ya manukato ndipo ikaja wiski. Mpwa wangu hakudanganywa, kwa sababu wiski imo. Lakini kilicholifikia pua lake ni manukato, na manukato ya namna hiyo hutengenezwa maabara, vanilini na wenzake wakipangwa mpaka yafanane na pipa.

Wakati nikifanya majaribio hayo nilijiuliza kama utengenezaji wa pombe una chochote kinachoweza kuifaa sabuni. Kipo, ila kiko upande mwingine wa chungu, kabla mvuke haujaanza. Ni sukari ya kimea. Nilichukua kimea cha ulezi, kile kinachouzwa sokoni Nyasho kwa ajili ya togwa, nikakipika, nikakichuja, nikatumia maji yake yakiwa baridi mahali pa nusu ya maji ya sabuni. Sukari huongeza povu. Hilo linajulikana kwa mafundi sabuni kila mahali. Povu la sabuni ile lilikuwa zito kama la maziwa ya kukamua, na rangi ikawa ya asali bila rangi ya dukani. Angalizo moja: sukari ikikutana na kostiki huongeza joto, hivyo usiifunike sabuni kwa blanketi kama ulivyofundishwa kwa sabuni ya kawaida. Iache wazi, ipate hewa.

Sasa nije kwenye kuoga. Sabuni ya wiski niliikata vipande vitatu. Musoma, kwa maji ya bomba yanayotoka ziwani, ilitoa povu kwa kuigusa tu. Butiama, baba mkwe aliitumia kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi. Alinikaribisha, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaishika ile sabuni na kuinusa kwa muda mrefu. "Mwanangu," akaniuliza, "hii ni ya kuogea au ya kuficha?" Alioga nayo wiki mbili akaisifu. Bunda, dada yangu aliitumia kwa maji ya kisima cha nyumbani kwake, yenye chumvi chumvi, akanipigia simu kulalamika kwamba haina povu na imemwachia utando mweupe kwenye beseni.

Sabuni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maji. Maji ya Ziwa Victoria na ya mvua ni laini, yana chokaa kidogo sana. Maji ya visima vingi hubeba kalisi na magnesi kutoka kwenye miamba, na madini hayo hushikana na sabuni na kuigeuza ule utando usioyeyuka. Sehemu ya sabuni yako huliwa na kisima kabla haijafika mwilini. Ndiyo sababu mtu aliyezoea maji ya ziwa akienda ukweni kwenye kisima hudhani ameuziwa sabuni feki. Dada yangu nilimshauri aogee maji ya mvua anapokuwa nayo, ya kisima yafanye kazi nyingine. Povu likarudi.

Nakuja kwa kinyozi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kileo kinapogusa ngozi zetu kwelikweli.

Saluni ya kiume anakonyoa kijana wangu ina utaratibu unaofanana na nyingi mjini: mashine, brashi, poda, halafu pamba iliyolowa spiriti inapitishwa shingoni, kidevuni na kisogoni. Kijana hukunja uso, kinyozi husema, "Vumilia, inaua wadudu." Nilikaa pale mchana mmoja nikiangalia. Kwa vichwa saba nilivyohesabu, spiriti ilipita kwenye ngozi mara saba. Kwenye meno ya mashine ilipita mara mbili.

Ule mwasho si ishara ya dawa kufanya kazi. Ngozi ina mishipa ya fahamu inayotutahadharisha na moto, na kwa kawaida huamka joto linapofika kama nyuzi 42. Kileo huishusha alama hiyo hadi karibu nyuzi 34, yaani joto la ngozi yenyewe. Mishipa inapiga kelele ya moto mahali pasipo na moto. Pamoja na hayo kileo huyayeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha kavu, na ngozi kavu iliyotoka kukwanguliwa ndiyo inayowaka usiku kucha.

Nguvu ya kuua vijidudu nayo ina mipaka. Kileo hufanya kazi hiyo vizuri kati ya asilimia 60 na 90. Spiriti ya kusafishia mikono na vifaa huwa karibu 70. Wiski ya 40 na Konyagi ya 35 hazifiki. Wanaojipaka hizo baada ya kunyoa wanapata mwasho bila ulinzi. Ile spiriti ya kuwashia majiko imetiwa methanoli, ambayo ni sumu, na haitakiwi kwenye ngozi kabisa. Gongo sitaizungumzia kwa urefu: ni haramu kisheria, na hakuna anayejua asilimia zake wala kilichomo. Nimewahi kumwona mtu akiipaka kwenye kidonda cha wembe. Tafadhali, tusifanye hivyo.

Wengi hutaka spiriti kwa sababu ya vipele vya ndevu, wakidhani ni wadudu. Mara nyingi chanzo chake ni nywele zenyewe. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana kwa wembe, ncha yake kali hukua ikijipinda na kurudi kuichoma ngozi, na mwili huivimbia kama unavyouvimbia mwiba. Spiriti haiwezi kuunyoosha unywele. Kinachosaidia ni kuacha ndevu fupi badala ya kuzing'oa mpaka mzizi: mwambie kinyozi atumie mashine isiyokata karibu sana, aache milimita moja hivi. Lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwanza, nyoa kwa kufuata mlalo wa nywele, usirudie rudie mahali pamoja. Ukimaliza, maji baridi, kisha gliserini kidogo iliyochanganywa na maji, au alovera. Vipele vyenye usaha au vinavyoacha makovu, nenda hospitali.

Spiriti basi tuipeleke inakostahili, kwenye mashine. Brashi iondoe nywele kwanza, kwa sababu kileo hakipenyi uchafu, kisha meno ya mashine yalowe na yaachwe yakauke kabla ya kichwa kinachofuata. Wembe uwe mpya kwa kila mtu. Mapunye ya watoto husambaa kwa njia ya vifaa vya namna hii.

Nilimpelekea kinyozi ile krimu ya kwenye kiboksi. Aliipenda kuliko vyote, na mimi pia. Haikuwa na kileo kabisa. Ilikuwa gliserini na mafuta mazito ya mimea yaliyotiwa harufu ya pipa. Mafuta ya ndevu nayo yalikuwa mazuri, lakini bei yake mpwa aliponitajia nilishika kichwa. Mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa nusu kwa nusu na ya alizeti yanalainisha ndevu vilevile.

Tamaa ya mwanamume kunukia chupa haikuanza jana. Katika karne ya 19, visiwani Karibi, hasa St. Thomas, watu walichukua majani ya mti jamaa wa ule unaozaa kiungo cha allspice wakayapika pamoja na ramu, wakapata maji ya kupaka baada ya kunyoa yanayoitwa bay rum. Yakaenea kwa vinyozi duniani kote. Kiungo kinachotawala harufu yake ni eugenoli, na eugenoli ndiyo roho ya karafuu. Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu. Harufu ile inayouzwa kwa dola ng'ambo imekuwa ikipanda mvuke Pemba siku zote.

Hapo ndipo nilipopata sabuni yangu. Kwenye kipimo kilekile, na maji ya kimea badala ya Konyagi, nilitia mafuta ya makonyo gramu 3, vanila ya Kagera niliyoiloweka kwenye mafuta ya pamba, na matone ya mafuta ya mwerezi kwa ajili ya ule ukavu wa mbao. Karafuu ina tabia ya kuigandisha sabuni haraka, kwa hiyo uwe umeshaandaa vibati vyako. Tena usizidishe, maana eugenoli nyingi huichoma ngozi na wengine huwaletea mzio. Vanilini ikaipaka sabuni rangi ya kahawia yenyewe ndani ya wiki mbili. Haikunukia wiski kamili. Ilinukia ghala la mbao mtu alimomwaga asali, na nadhani hiyo ni bora.

Jirani yangu Mwislamu aliniuliza kwanza kama ina pombe. Nikamwonyesha kimea na kila chupa niliyoitumia, akanunua vipande vinne. Mgumu alikuwa shemeji yangu wa Bunda. Aliacha pombe miaka minne iliyopita, na sisi wa nyumbani tunajua ilivyomgharimu. Dada alipofungua kile kiboksi cha bati mezani, shemeji alinusa sabuni ya wiski mara moja, akairudisha taratibu, akatoka kwenda kukaa nje. Hakuna aliyesema neno. Jioni akaniambia, "Shemeji, usiniletee tena harufu ile ndani ya nyumba." Nilimwomba radhi. Sikuwa nimefikiri kwamba pua hukumbuka hivyo.

Tangu siku hiyo sikubali kuuza sabuni bila karatasi ya viungo. Vipodozi, sabuni za kuogea zikiwamo, viko chini ya TBS tangu Julai 2019, na SIDO huwapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ili waanze safari ya nembo, sisi tumeianza. Lakini karatasi yangu naiandika kwa ajili ya watu kama shemeji. Kwanza mafuta ya ng'ombe, ya nazi, ya pamba, maji, kimea cha ulezi, mpaka mwisho mafuta ya makonyo, vanila na mwerezi. Mpwa wangu alipoondoka alibeba vipande sita. Kwa baba yake nilitengeneza mchanganyiko wa peke yake, usio na harufu yoyote, na anaogea maji ya mvua.